Pima Kimeng'enya cha Ureasi Shambani Kwako

Habari mkulima wa Mbeya, Iringa na Njombe. Urea unayokuzia mahindi huvunjwa kuwa gesi ya amonia na ureasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinachotokana na vijidudu vya udongo na mabaki ya mimea. Leo tunalinganisha shamba linalochomwa mabua kila mwaka na shamba jirani linaloachiwa mabua na kuwekwa samadi.

Yawe na udongo wa aina moja. Wa majivu ya volkano wa Rungwe usiushindanishe na mwekundu wa Mbozi. Kama shamba moja limewekwa chokaa, liache: chokaa yenyewe huharakisha amonia kutoka, nawe utadhani ni kimeng'enya.

Kila shamba chimba sehemu tano, kina cha sentimita 10, changanya, chekecha. Usianike juani. Pima gramu 100 kwa kila chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Udongo uwe na unyevu wa kufinyangika bila kudondosha maji.

Chupa ya tatu ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo jaribio halina maana. Jaza udongo wa shamba la samadi, usifunike, uiweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa saa nzima. Joto huharibu kimeng'enya. Iache ipoe kabisa.

Sasa yeyusha nusu kijiko cha chai cha urea katika vijiko viwili vya maji, umwagie chupa moja. Rudia kwa nyingine mbili. Lowesha karatasi nyekundu ya litmasi, ibanie kwenye mfuniko isiguse udongo, funga. Panga chupa pamoja mahali penye joto. Juni na Julai baridi ya huku huchelewesha kila kitu.

Angalia kila nusu saa. Karatasi hugeuka buluu amonia ikipanda, na kwa kawaida shamba la samadi hutangulia. Iliyochemshwa ikigeuka pamoja na nyingine, hukuichemsha vya kutosha: anza upya. Karatasi ikikauka, haisomi.

Lakini angalia hapa: udongo ulioshinda ndio unaopoteza urea haraka ukiitupa juu ya mabua, hasa kukiwa na manyunyu tu. Amonia inapaa na hela yako. Hata hivyo, usiyachome mabua. Yasogeze, chimba sentimita 5, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, weka urea, fukia papo hapo.