Jembe Hili Limefuliwa Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa karakana, hamjambo? Mwenyekiti, ahsante kwa kunipa nafasi.

Nimekuja na majembe mawili, naomba yapite mikononi mwenu ninapozungumza. Hili jeusi limetoka ng'ambo. Pitisheni kidole kuanzia kwenye tundu la mpini mteremke hadi kwenye makali. Huku juu chuma ni kinene, kisha kinapungua taratibu mpaka kinakuwa chembamba pale kinapokutana na udongo. Hakuna kiungo. Ni donge moja la chuma lililotiwa moto, likatobolewa, likatandazwa. La pili limetengenezwa hapa mjini na fundi ninayemheshimu, na nimelileta kwa ruhusa yake. Alikata bamba, akalichomelea pete iliyokatwa kwenye bomba. Tazameni limeachia wapi: pembeni kabisa mwa mshono wa welding. Mama aliyelinunua halikumfikisha hata palizi ya pili. Bei ilikuwa ndogo, ni kweli, lakini mwaka ule alinunua jembe mara mbili.

Kiswahili kina neno moja, kufua, kwa nguo, kwa nazi na kwa chuma. Kufua chuma ni kukigeuza umbo kwa pigo au kwa mgandamizo bila kukiyeyusha. Chuma cha pua hupashwa hadi nyuzijoto 1,100 au 1,200 hivi, kikawa na rangi ya manjano, na hapo kinakubali nyundo. Ajuaye kuchonga mpini atanielewa upesi. Mpini huchongwa kwa kufuata nyuzi za mti; ukizikata mshazari, utavunjika siku ya kwanza kwenye kisiki. Chuma nacho kina mkondo wake ndani, uliovutwa tangu kilipokuwa kikibanwa kati ya magogo ya chuma yanayozunguka kiwandani. Ukikichonga kwa mashine unaukata. Ukikifua, mkondo ule unapinda pamoja na umbo. Ndiyo maana krenki ya injini ya lori hufuliwa, na ekseli, na ndoano ya kreni, na gurudumu la treni. Vyombo vinavyobeba watu na mizigo ya dunia vimepita chini ya nyundo, na anayemiliki nyundo hiyo ndiye anayebaki na sehemu nene ya bei.

Nyundo kubwa zina historia ambayo ningependa wachumi wetu waijue. Mwaka 1839 wajenzi wa meli ya Great Britain, kule Uingereza, walitaka mhimili wa kuzungushia magurudumu ya kasia, mnene kiasi kwamba hapakuwa na karakana ya kuufua. James Nasmyth akachora nyundo inayoinuliwa kwa mvuke, akaipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1842. Meli yenyewe ilibadilishiwa mfumo ikafungwa rafadha, ile panga inayozunguka majini nyuma ya meli, mhimili ule usihitajike tena, lakini nyundo ilienea katika karakana za reli na za meli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waligundua kwamba Wajerumani wana mashinikizo, yaani mashine za kukandamiza chuma, makubwa kuliko yao ya kufulia sehemu za ndege. Serikali yao haikusubiri mfanyabiashara ajitokeze na mtaji. Iligharimia mashinikizo hayo yenyewe, likiwemo lenye nguvu ya tani 50,000 lililoanza kazi Cleveland mwaka 1955. Shikeni hilo, nitalirudia.

Watu hudhani sisi tuko nyuma katika jambo hili tangu enzi na enzi. Sivyo. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu aliyeandika mwaka 1154, anasema watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Chuma cha Sofala, anasema, kilipelekwa India. Bara, Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa karibu mita tatu, zilizovuta hewa zenyewe bila mvukuto. Mabaki yake bado yamesimama mashambani kule Ufipa. Warongo wa Uzinza walifua majembe yaliyobebwa kwenye njia za misafara, yakatumika kama fedha na kama mahari. Kwetu Ugweno wahunzi walikuwa ukoo mzima, Washana, na Wachaga na Wamaasai walitegemea chuma chao. Nilipokuwa mtoto nilimwona mzee mmoja akifua kisu. Alikuwa akikitazama rangi tu: kikiwa chekundu kilichofifia anakirudisha motoni, hapigi hata pigo moja. Nimefundisha ufuaji miaka mingi, na bado sijapata kipimajoto ninachokiamini kama macho ya mzee yule.

Kilichotangulia kufa ni uyeyushaji, yaani kutoa chuma kwenye mawe yake. Majembe ya Ulaya yaliingia kwa bei ya chini, na vyuma chakavu vikawa rahisi kuvipata kuliko kuchoma mkaa kwa majuma. Mhunzi akabaki, madini yake yakaachwa ardhini. Hadi leo mafundi wetu wanafua springi za malori, na ni chuma kizuri kabisa, lakini wengi wanakizamisha majini kikiwa chekundu na kuishia hapo. Panga la namna hiyo linakata vizuri, kisha linapasuka kama kigae. Lirudishwe kwenye moto mdogo mpaka rangi iwe kati ya kahawia na buluu, liachwe lipoe. Kazi ya dakika chache tu, na inauma kwamba hatuwafundishi.

Wenzetu wa India walianzaje? Bharat Forge ya Pune iliundwa mwaka 1961, ikafua krenki na ekseli za malori ya nyumbani kwao kwanza. Mwanzoni mwa 2004 ilikuwa imeshanunua kampuni ya ufuaji ya Ujerumani. Bandari zetu zilizowahi kuwauzia chuma sasa zinapokea mapanga kutoka kwao.

Tunazungumza sana kuhusu chuma kilichomo ardhini Liganga, kule Ludewa, na ni haki tuzungumze. Chuma kile kina titani na vanadi ndani yake. Titani inaisumbua tanuri ya kawaida, vanadi inakiongezea chuma nguvu. Lakini hata tukikichimba kesho, bila nyundo na kalibu, lile umbo gumu la kukandamizia chuma cha moto, tutakiuza kikiwa donge, na jembe tutaendelea kulinunua. Fundi huyu alichomelea pete kwa sababu kalibu ya jembe na nyundo ya kuikandamizia vinamzidi uwezo. Kumbukeni shinikizo la Cleveland: hata kule halikusubiri mfanyabiashara, serikali ndiyo iliyoligharimia.

Basi ombi langu kwa halmashauri, na kwa SIDO ambayo tangu 1973 imepewa kazi ya viwanda vidogo, ni dogo: nyundo moja ya umeme, tanuri moja ya gesi, na mchonga kalibu mmoja anayelipwa mshahara. Viwekwe pale kwenye eneo la mafundi, watu walipie kwa saa.

Fundi aliyetengeneza jembe lililovunjika ameketi safu ya nyuma. Nimemwomba aje mbele atueleze kwa siku anatoa majembe mangapi, na kwa saa moja ya nyundo hiyo yeye angeweza kulipa kiasi gani. Karibu, fundi. Mpeni kipaza sauti.