Wino Haupendi Kufungiwa

Ndugu zangu, kabla sijaanza, kila mwenye kalamu mfukoni aitoe tuione. Ahsanteni. Naona biki, biki, biki tena... mzee wangu pale nyuma anazo mbili, Mungu amzidishie. Ya wino, ile yenye ncha iliyopasuliwa katikati iitwayo nibu, ni moja tu humu ndani, hii yangu.

Msidhani nimekuja kuzikejeli zenu. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, alichoshwa na wino unaochelewa kukauka. Akaacha wino wa maji, akatumia mzito wa mafuta, na mahali pa nibu akaweka kigololi kinachozunguka. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, aliipata mwaka 1938, kisha akahamia Argentina, ambako hadi leo kalamu hiyo huitwa birome. Mwaka 1950, kule Ufaransa, Marcel Bich akatoa Bic Cristal. Itazameni. Ina pembe sita, haibingiriki ovyo mezani. Kale katundu ubavuni kanaingiza hewa ili wino ushuke. Na tundu la kwenye kifuniko? Ni kwa ajili ya mtoto: kikimkwama kooni, apate kupumua. Kalamu ya kutumia na kutupa, na bado jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York limeihifadhi.

Hii ya wino ina tabia nyingine. Wino wake ni mwepisi kama maji; unateremka wenyewe kwenye kijia chembamba chini ya nibu, huku hewa ikipanda kujaza nafasi. Mkono unaongoza tu. Ukiandika kurasa kumi kwa biki vidole vinalalamika, kwa sababu kigololi lazima ukikandamize. Hapa hukandamizi.

Sasa wakusanyaji. Wapo wanaonunua kalamu ya wino ya Montblanc 149, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, nibu imechorwa 4810, urefu unaotajwa wa mlima Mont Blanc kwa mita, halafu wanaifungia sandukuni. Nami nimo. Yangu ya kwanza niliijaza wino, nikaifungia kwenye droo, nikawa naionea huruma kuitumia. Miezi ikapita. Siku nimeitaka, wino umeganda ndani kama masizi ya sufuria. Niliiloweka siku mbili, nikibadilisha maji kila nikipita. Maji baridi, jamani, si ya moto! Kama ni ya kutazama tu, ioshe, ikaushe, iache tupu. Ukishaijaza, iandikie.

Biki ninayo pia. Stakabadhi za nakala tatu zenye karatasi ya kaboni zinataka nguvu ya mkono, na kwenye daftari la karatasi nyepesi wino wa hii kalamu yangu hupenya hadi upande wa pili. Tena biki ndiyo ninayoazima watu. Aliyezoea kukandamiza akishika hii yangu, yale meno mawili ya nibu hutanuka, na kuyarudisha si kazi ya nyumbani.

Haya, karatasi nzito hii hapa. Mzee wangu, njoo uanze wewe. Taratibu tu.