Miaka Sita Bila Kengele

Assalamu alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wazee wangu waliokaa mbele, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na macho yake yako kwenye saa ya ukutani, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Mwishoni mwa Machi 1208, wiki mbili kabla ya Pasaka, maaskofu watatu wa Uingereza, wa London, Ely na Worcester, walitangaza amri ya Papa Innocent III: ibada zote nchini zifungwe. Kengele zikanyamaza, milango ya makanisa ikafungwa. Kwa Kilatini adhabu hiyo huitwa interdictum. Mimi nitaiita zuio la ibada. Lilidumu hadi Julai 1214. Mtoto aliyezaliwa siku linatangazwa aliota meno, akayang'oa, bila kusikia kengele ya kijijini kwao.

Chanzo chake ni kiti. Julai 1205 alifariki Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye papo hapo alikuwa mshika muhuri wa Mfalme John wa Uingereza. Hapo tuelewane: askofu wa zama hizo alimiliki ardhi, alitoa askari, aliketi barazani kwa mfalme. Kumwachia mtu mwingine akuchagulie askofu mkuu ni sawa na kumwachia akuchagulie waziri. Kwa sheria ya Kanisa, wamonaki wa Canterbury walikuwa na haki ya kumchagua mrithi. Kwa mazoea, mfalme alikuwa na haki ya kuwaambia wamchague nani.

Safari hii wamonaki walimwahi. Wakamchagua kimyakimya mwenzao Reginald, wakampeleka Roma. John alipopata habari alifura, akawafanya wachague upya, na jina likawa la mtu wake, John de Gray, askofu wa Norwich. Majina mawili kwa kiti kimoja! Innocent alikuwa mwanasheria hodari, aliyepata upapa kabla hajafika miaka 40. Akayatupilia mbali yote mawili, akawataka wamonaki waliokuwa Roma wamchague Stephen Langton, na Juni 1207 akampa yeye mwenyewe daraja la uaskofu.

Langton alikuwa Mwingereza, lakini amefundisha Paris miaka mingi. Ndiye anayetajwa kuwa aliigawa Biblia katika sura tunazozitumia hadi leo. Ukisema Yohana sura ya tatu, unatembea katika njia aliyoifyeka yeye. Mfalme John, Yohana mwingine huyo, kwa bahati mbaya, hakuvutiwa na sura. Alichokiona ni mtu aliyekaa kwa Mfalme Philip wa Ufaransa, adui aliyemnyang'anya Normandy mwaka 1204. Akakataa Langton asikanyage Uingereza, akawafukuza wamonaki wa Canterbury. Papa akajibu kwa zuio.

Sasa naomba tukae kijijini kidogo, kwa sababu huku vitabu hupita haraka. Mtoto mchanga aliruhusiwa kubatizwa. Mtu anayekata roho aliruhusiwa kuungama, lakini miaka ya mwanzo hata yeye hakupewa komunyo. Misa kwa waumini hakuna. Na maiti haikuzikwa makaburini pa kanisa. Ilizikwa nje ya uzio, penye shimo lolote, bila padri. Nyinyi mnajua maana ya mazishi. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi yako ukamsamehe, lakini akikosa msiba wako mtakwenda hivyo hadi ahera. Mkulima wa Kiingereza aliyemfukia mama yake kando ya njia hakuwahi kumwona Langton, na John de Gray hakumjua hata kwa jina.

Na mfalme? Alineemeka! Mapadri hawakufanya kazi, naye akakamata mashamba na ghala zao. Kisha akabuni moja ambayo kila nikiisoma nacheka halafu naona aibu. Mapadri wengi, kinyume cha sheria ya Kanisa, waliishi na wanawake. John akaamuru wanawake hao wakamatwe, na kila padri akomboe wake kwa fedha. Walilipa. Papa angewaambia nini, kwamba mfalme kawanyang'anya kitu ambacho hawakupaswa kuwa nacho?

Novemba 1209 Papa alimtenga John binafsi na Kanisa. Maaskofu wengi wakakimbilia ng'ambo, na mapato ya majimbo yao yakaingia hazina ya mfalme. Baadaye Kanisa lilidai fidia ya marki 100,000 (marki ni kipimo cha fedha cha zama hizo), likapata sehemu tu. Kwa hesabu hiyo sioni jinsi ya kusema kwamba silaha ya Papa ilimlenga vizuri.

Kilichompinda John kilitoka kwingine. Mwaka 1212 makabaila wake walipanga kumuua, na Philip akaanza kukusanya merikebu za kuvamia Uingereza. Juu ya hayo mtawa mmoja wa upweke, Peter wa Wakefield, akatabiri kwamba ikifika sikukuu ya Kupaa 1213 John hatakuwa mfalme. Akafungwa gerezani wangojee.

Tarehe 15 Mei 1213, karibu na Dover, John alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Baada ya kumkubali Langton, aliutoa ufalme wake wote kwa Papa mbele ya mjumbe wake Pandulf, akaupokea tena kama mtu wa chini yake, kwa ada ya marki 1,000 kila mwaka: 700 za Uingereza, 300 za Ireland. Kupaa ikafika siku nane baadaye, John bado ana taji. Peter akanyongwa, na mwanawe pamoja naye. Watu wakanong'ona kwamba mzee hakusema uongo, maana siku hiyo ufalme ulikuwa wa nani?

Wengi huita tendo hilo fedheha. Mimi naliita ujanja. Aliyemvamia John sasa alikuwa anavamia mali ya Papa. Juni 1215 makabaila walipomlazimisha kuweka muhuri Magna Carta, hati ya kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme, Langton akiwa mpatanishi na kifungu cha kwanza kikisema Kanisa la Uingereza liwe huru, aliyeibatilisha ni nani? Innocent, Agosti mwaka uleule. Na Langton, yule aliyepiganiwa miaka sita, akasimamishwa kazi kwa kukataa kutangaza kutengwa kwa makabaila.

Naona mzee wangu pale ameinua mkono. Anauliza mfalme mwenyewe alizikwa wapi.

John alifariki Oktoba 1216, akazikwa ndani ya kanisa kuu la Worcester, katikati ya watakatifu wawili, Oswald na Wulfstan. Askofu wa Worcester aliyekuwa miongoni mwa wale watatu waliotangaza zuio aliitwa Mauger. Yeye alikufa mwaka 1212 uhamishoni, Ufaransa.