Mwangalie Mama Yake Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na jambo ambalo nadhani wengi wenu mmelipitia. Kikapu kinafunguliwa mbele yako, ndani yake mna vitoto vitano vya paka. Sauti yako inalainika yenyewe, mkono unanyooka kabla hujaamua kuunyoosha. Nimeishi na wanyama miaka mingi, na mpaka leo mkono wangu hunyooka vilevile.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyechunguza tabia za wanyama, alizitaja alama zinazotufanya hivyo: kichwa kikubwa kuliko mwili unavyostahili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, viungo vifupi vinene, mwendo wa kuyumbayumba. Sura ya namna hiyo, alisema, huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Ni hamu ya lazima, maana mtoto wa binadamu asipobebwa hufa. Lakini hamu hiyo haichagui. Ikiona macho makubwa kwenye uso wa duara, inaamka, awe ni mwana wetu, kinda la bundi au mtoto wa simba.

Sasa tupige hesabu ndogo. Paka anayetunzwa vizuri nyumbani huishi kama miaka 15, yaani miezi 180. Uso ule wa kwenye kikapu utakuwa nao miezi mitano, sita hivi. Tena jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, wakati mwenye nyumba bado anamwita kitoto, na wiki 9 baadaye kikapu kinajaa upya. Kwa hiyo anayempenda paka kwa ajili ya ule uso amependa miezi 6, na iliyobaki 174 hajaifikiria.

Mtaniambia: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo naiheshimu, lakini kwa wanyama ina upande ambao nilijifunza kwa kuumia. Nilimlea mwanambuzi dume aliyefiwa na mama siku alipozaliwa. Alinyonya chupa mikononi mwangu, akalala kwenye sanduku kando ya kitanda changu. Alikuwa akinisukuma goti kwa kipaji chake, nami namsukuma kwa kiganja, na kila aliyekuwepo anacheka. Mwaka mmoja baadaye kipaji kilekile kilikuwa na pembe. Aliniangusha langoni, akarudi nyuma hatua mbili, akaja tena. Watu wakasema amekuwa mkorofi. Hapana. Alikuwa anamkabili beberu mwenzake, maana hakuwahi kuonyeshwa kwamba mimi ni kitu kingine. Aliondoka kwangu na sifa mbaya, na sifa hiyo niliitengeneza mimi kwa kiganja changu.

Kwa ng'ombe hatari ni kubwa zaidi. Ndama dume anayelelewa kwa chupa, peke yake, mbali na wenzake, hukua akimhesabu binadamu kuwa ni wa kundi lake. Akishakuwa fahali, humtafuta binadamu huyo washindane. Ndiyo maana wafugaji wazoefu humweka ndama pamoja na ndama wengine, na wengi huwahasi madume mapema. Ukimwona mfugaji hambembelezi ndama dume, usimdhanie kuwa ana moyo mgumu. Anamwona fahali aliyemo ndani yake.

Mbwa mnawajua, sitakaa hapo sana. Kitoto cha mbwa akikurukia kifuani unamkumbatia. Akifikisha kilo 30 unamfokea kwa kosa hilohilo. Kuanzia miezi 6 hivi anabalehe, anajifanya hakusikii, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakati kipindi chenyewe kingepita. Na kobe? Yule mkubwa wa kusini mwa Sahara huanguliwa akiwa na sentimita 5 tu, akatosha kiganjani. Akikomaa anaweza kupita kilo 40, anachimba mashimo ardhini, na anaweza kuishi kuliko aliyemnunua.

Basi nawaomba jambo moja. Ukiitwa kuona vitoto, omba kwanza umwone mama. Mtazame ukubwa wake, anavyokula, anavyompokea mgeni, harufu ya anapolala. Kaa naye nusu saa. Huyo ndiye mnyama unayempeleka nyumbani. Kile kitoto ni mgeni wa miezi michache atakayemtangulia. Na kama mama humtaki, kitoto pia kiache, hata mkono ukinyooka vipi.

Wapo pia wale waliokwisha kukua ambao hakuna anayewaulizia. Mbwa niliye naye sasa nilimchukua akiwa na miaka 6. Uso umerefuka, kidevu kimeanza mvi. Sikuhitaji kubahatisha kimo chake wala tabia yake, vyote vilikuwa mbele yangu. Wiki ya kwanza alilala mlangoni, nadhani akisubiri waliomleta warudi. Wiki ya tatu usiku nilisikia kucha zake sakafuni, akaja taratibu, akalala kando ya kitanda, pale lilipokuwa sanduku la yule mwanambuzi.

Naona mkono umeinuka kule nyuma. Karibu.