Mkataba wa Pikipiki na Siku ya Kuumwa

Vijana wangu wa bodaboda, habari za mchana. Najua hapa Mbagala nimewatoa vijiweni saa ya abiria, kwa hiyo sizunguki.

Huu ni mkataba wa pikipiki, kaniletea mmoja wenu. Nilimuuliza alisoma nini kabla ya kusaini. Akanijibu: "Hesabu, mama. Elfu kumi kwa siku, mwaka mmoja, chombo changu." Hiyo ndiyo tamu yake, na imeandikwa juu kabisa. Sasa tushuke chini, kipengele cha saba: dereva akikosa kupeleka hesabu ya siku kwa siku tatu mfululizo, chombo kinarudi kwa mwenyewe, na alichokwishalipa hakirudishwi.

Haya, siku 26 kwa mwezi, miezi 12, ni siku 312. Jumla shilingi 3,120,000. Umeshalipa siku 300, milioni tatu kamili. Malaria ikakulaza Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Imebaki 120,000 tu, na pikipiki imeondoka.

Mnacheka! Nionyesheni basi palipoandikwa siku ya kuumwa. Hapapo. Pikipiki ikilala gereji, hesabu inaendelea? Injini ikifa, nani anunue? Ikiibwa je? Karatasi imenyamaza, na tajiri, mwenye pikipiki, atakuja kuisemea.

Kaka pale nyuma anauliza, akisema hakusoma, mahakama haitamwelewa? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mkubaliane kwa hiari. Kutishwa kunaiondoa hiari, kulaghaiwa pia. Uvivu wa kusoma haumo. Kipengele cha saba unaweza kukipinga, ndiyo, lakini kesi inakwenda kwa kalenda yake na wewe unatembea kwa miguu.

Ukiletewa wa Kiingereza, omba wa Kiswahili. Hakuna aibu hapo.

Halafu kadi ya usajili. Humu wameandika "atakabidhiwa pikipiki". Pikipiki si umeikalia tayari? Unachodai ni kadi yenye jina lako. Iandikwe umiliki utabadilishwa TRA, Mamlaka ya Mapato, ndani ya siku ngapi baada ya hesabu ya mwisho, na kwa gharama ya nani.

Wenye nakala ya mkataba nyumbani, mikono juu. Watatu? Na nyinyi wengine iko kwa tajiri, siyo? Basi leo jioni ukipeleka hesabu, muombe uipige picha kwa simu, kurasa zote, hata ule wenye sahihi peke yake.