Ngazi Iliyopanda Kizimbani

Ndugu mwenyekiti, wanasheria wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea uendeshaji wa mashtaka, nashukuru kwa mwaliko. Mlinitaka nizungumzie kesi za kuteka na kuua watoto. Ningeweza kuja na vifungu vya sheria, lakini vifungu mnavyo vitabuni. Nimekuja na kesi moja tu, ya Marekani, ya zamani, kwa sababu ndani yake mashtaka yaliyojengwa vizuri na yaliyojengwa vibaya yamekaa pamoja, na mtu akitulia anaweza kuyatenganisha.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1932, karibu na Hopewell, jimbo la New Jersey, mtoto wa miezi 20 alichukuliwa kitandani mwake, ghorofani. Baba yake alikuwa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927. Dirishani iliachwa barua ya kudai dola 50,000. Nje ilikutwa ngazi ya mbao ya vipande vitatu, kazi ya mkono, imevunjika ubavuni. Fedha zililipwa usiku wa tarehe 2 Aprili katika makaburi ya Bronx, New York. Tarehe 12 Mei mwili wa mtoto ukakutwa vichakani, kama kilomita 7 kutoka nyumbani, fuvu limepasuka. Alikuwa amekufa tangu miezi miwili au zaidi. Waliokuwa wakihesabu noti makaburini walikuwa wakimnunua mtoto ambaye hayupo tena duniani.

Jalada la namna hii likiwekwa mezani kwako, mkono utatetemeka. Na utetemeke. Ila ujue kuwa uchungu huo huo ndio ulioharibu kazi tangu saa ya kwanza. Polisi, waandishi wa habari na watazamaji waliukanyaga ule uwanja, na alama ya mguu kwenye tope chini ya dirisha haikupimwa sawasawa. Baba wa mtoto ndiye aliyekuwa akiamua polisi wafanye nini na waache nini. Simlaumu mzazi aliyeporwa mwanawe. Nawalaumu waliompisha kwenye kiti chao. Kisha mfanyakazi mmoja wa nyumbani kwa wakwe zake alihojiwa, akahojiwa tena, akahojiwa tena, mpaka mwezi Juni alipoambiwa anahitajika kwa mara nyingine akanywa sumu. Baadaye ilionekana hakuhusika. Kifo chake hakimo kwenye hati yoyote ya mashtaka, nami kila ninapofundisha kesi hii nakitaja, kwa sababu sisi watu wa mashtaka tuna sehemu yetu katika vifo vya namna hiyo.

Kilichomfikisha mtu mahakamani kilikuwa karatasi. Namba za noti za malipo ziliandikwa kabla hazijatolewa, na nyingi zilikuwa zile zilizoitwa vyeti vya dhahabu, yaani noti zilizoweza kubadilishwa kwa dhahabu. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ikaamuru vyeti hivyo virudishwe benki. Tangu hapo, kila aliyetoa noti ya aina hiyo dukani alikumbukwa. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta mjini New York alipokea noti ya dola 10, akahofia benki isije ikaikataa, akaandika pembeni mwake namba ya gari la mteja. Gari lilikuwa la Bruno Richard Hauptmann, seremala mhamiaji kutoka Ujerumani. Katika gereji yake zilikutwa zaidi ya dola 14,000 za malipo yale. Akajitetea kwamba sanduku aliachiwa na rafiki. Rafiki alikuwa amekwisha kufa.

Sasa twende kwenye ngazi. Hapa nitakaa kidogo.

Arthur Koehler alikuwa mtaalamu wa mbao katika maabara ya serikali mjini Madison, Wisconsin. Alipopewa ile ngazi, aliifungua kipande kwa kipande na kukipa kila kipande namba. Alijua kwamba mashine ya kupiga randa kiwandani huacha mikwaruzo yake juu ya mbao, kwa kadiri ya mwendo wake na ubovu wa visu vyake. Akaandikia viwanda zaidi ya 1,500 kuulizia mashine yenye mikwaruzo ile. Akakipata kiwanda, kule South Carolina. Akafuatilia shehena zake duka kwa duka, hadi akasimama kwenye duka moja la mbao huko Bronx. Hayo aliyafanya mwaka 1933, kabla jina la Hauptmann halijatajwa na mtu. Baada ya kumkamata, ndipo ikajulikana kuwa Hauptmann aliwahi kufanya kazi na kununua mbao katika duka lile lile. Uzito wa ushahidi huo uko kwenye tarehe. Mtaalamu hakumtafutia mshtakiwa mbao. Mbao zilitangulia.

Kikabaki kipande namba 16, ubavu mmoja wa ngazi. Kilikuwa na matundu manne ya misumari ya zamani, ile ya mraba, yasiyo na kazi yoyote kwenye ngazi. Darini kwa Hauptmann ubao mmoja wa sakafu ulikuwa umekatwa. Kipande kilipolazwa pale, matundu yote manne yaliangukia matundu ya boriti, kwa nafasi na kwa mwelekeo, na mistari ya umri wa mti ikaendana na ya ubao uliobaki. Upande wa utetezi ulipinga, ukisema hakuna kitu kinachoitwa utaalamu wa mbao. Jaji Thomas Trenchard akamruhusu shahidi. Koehler akafunga jiliwa kwenye meza ya jaji, akachukua randa iliyokutwa kwa mshtakiwa, akapiga randa ubao mbele ya mahakama. Kisha akaweka karatasi juu yake na kuisugua penseli, ili wajumbe 12 wa juri, raia walioitwa kuamua hatia, waione kwa macho yao mikwaruzo ileile ya randa ya mkono iliyokuwa kwenye ngazi.

Mkitaka kujua maana ya kumwongoza shahidi wa kitaalamu, someni ushahidi wa siku ile.

Jambo jingine ni hati ya mashtaka yenyewe. Wakati ule, kumteka mtu New Jersey hakukuwa na adhabu ya kifo. Upande wa mashtaka, ukiongozwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, David Wilentz, ulitegemea kanuni kwamba kifo kinachotokea wakati wa uvunjaji wa nyumba kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni mauaji ya daraja la kwanza, ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kifo. Na kosa kubwa lilikuwa lipi? Wizi wa nguo ya kulalia ya mtoto. Nguo ile mtekaji aliituma kwa posta kuthibitisha kuwa ndiye. Mama alipopanda kizimbani akaonyeshwa na kuitambua, hata wakili wa utetezi hakumuuliza swali. Kisheria hoja ilisimama hadi rufaani. Kibinadamu bado inanisumbua kwamba ilibidi kuhesabu vazi ili kuhesabu uhai.

Sehemu nyingine za kesi ile msiziige. Aliletwa mzee wa miaka 87, mwenye macho hafifu, aseme alimwona mshtakiwa garini na ngazi siku ya tukio. Lindbergh alimtambua mtu kwa maneno mawili aliyoyasikia gizani, makaburini, miaka miwili na nusu kabla ya kuisikia tena sauti hiyo. Ushahidi wa namna hiyo haukuongeza kitu. Uliwapa wenye shaka mlango wa kuingilia, na hadi leo wanaingia. Wilentz naye alianza kwa kudai mtoto alikufa ngazi ilipovunjika, akamaliza kwa kudai aliuawa chumbani. Mshtakiwa ana haki ya kujua anashtakiwa kuua vipi kabla hajajitetea, si baada.

Nje ya mahakama ya Flemington, kwa wiki sita kuanzia tarehe 2 Januari 1935, umati ulisongamana na wachuuzi wakauza vijingazi vidogo vya kumbukumbu. Fikirini mama yule akipita hapo. Mwaka 1937 chama cha mawakili cha Marekani kilitoa kanuni ya kupinga kamera mahakamani, na vurugu za kesi hii zilikuwa chanzo kimojawapo.

Hauptmann alitiwa hatiani tarehe 13 Februari 1935, akauawa kwenye kiti cha umeme tarehe 3 Aprili 1936. Hakukiri kamwe, hata pale kukiri kulipoonekana kungeweza kumwokoa. Mimi, nikiondoa yule mzee, nikiondoa sauti ya makaburini, nikiondoa kelele zote za mtaani, bado nabaki na noti za gerejini na kipande namba 16, na naona vinatosha kuthibitisha kwamba alishiriki. Kama alikuwa peke yake, ushahidi haukuonyesha.

Ngazi bado ipo, kwenye jumba la makumbusho la polisi wa New Jersey. Sasa tuingie kwenye maswali.