Tai Sio Ndege: Ndugu wa Kihindi Wanaambianaje Mambo?

BEKA: Haya wapendwa karibuni tena, leo ni mambo ya ndugu, yaani mkishakuwa watu wazima mnaongeaje, na tunaenda India maana Dada Zu hapa kasoma Pune miaka mitatu na mpaka leo hajatusimulia chochote zaidi ya ukali wa pilipili.

ZU: (anacheka) Pilipili yenyewe stori! Sikia, nilipanga chumba kwa familia moja ya Kimarathi, wenyeji wa huko Pune, kuna binti wa miaka 27 na mdogo wake wa 22. Siku ya kwanza tu kijana anaita "Tai! Tai!", mi naangalia juu natafuta ndege.

BEKA: Kumbe?

ZU: Kumbe Kimarathi tai ni dada mkubwa. Na dada ndo kaka mkubwa.

BEKA: Subiri. Dada ana ndevu?

ZU: Ndevu kabisa! Halafu kaka ni baba mdogo, mama ni mjomba. Mwezi mzima kichwa kinazunguka.

BEKA: Ila mkubwa haitwi jina, hapo tuko sawa.

ZU: Hata wakigombana. Alikuwa anamwambia "tu", ile wewe ya kishkaji, maana ya heshima ni "tumhi", tai mjinga, tai umechukua chaja yangu, lakini jina kavu sijawahi kulisikia.

BEKA: Na WhatsApp?

ZU: Magrupu mawili. La familia ni maua na salamu za asubuhi, la pili wao wawili tu, huko ndo kuna maisha. Kijana alipotaka kuacha kazi alimwambia tai kwanza, tai akasubiri mama anasukuma chapati ndo akamdokezea, mama akampelekea baba usiku. Siku tatu habari iko njiani na nyumba ni moja!

BEKA: Aisee. Sasa ya tai anapeleka nani?

ZU: Hapo sasa. Kulikuwa na mchumba wanamletea, hamtaki, akanimwagia mimi mpangaji huko juu kwenye paa tunaanua nguo. Nikamuuliza mdogo wako anajua? Akasema aah, yule mtoto.

BEKA: Mtoto wa miaka 22!

ZU: Na mtoto alikuwa anajua kila kitu, kuta zile nyembamba, ila mdogo haanzi, anasubiri mkubwa aongee. Basi kijana akahamia mji mwingine, Bangalore, ikafika Raksha Bandhan, ile siku ya mwezi mpevu, mara nyingi Agosti, dada anamfunga kaka uzi wa rakhi mkononi na kaka anatoa zawadi. Tai akautuma kwa posta, wana bahasha maalum zisizolowa maana ni msimu wa mvua.

BEKA: Na hela?

ZU: Hela siku hizi inaingia kwa simu, na haiishii sifuri, lazima ile rupia moja ya baraka juu. Kila mwaka alikuwa anatuma 501, na tai lazima amtanie bahili wewe. Mwaka ule ikaingia 2,001.

BEKA: Akaandika nini?

ZU: Hakuandika kitu. Tai kaikodolea macho ile simu we, halafu akaniambia, "Huyu anajua."

BEKA: Na mchumba je?

ZU: Hilo tulirushe wiki ijayo, mafundi wananionyesha saa hapa.